Wiki Mbili na Kasuku wa Shangazi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Shangazi kaondoka asubuhi kwenda kutolewa mtoto wa jicho. Macho yote mawili: moja wiki hii, la pili wiki ijayo. Atakaa kwa rafiki yake karibu na hospitali. Nyumba tumeachiwa mimi na mdogo wangu Nesi. Na kasuku.

Kasuku anaitwa Karani. Rangi ya majivu, mkia mwekundu, na hukutazama kwa jicho moja kama umeleta fomu iliyokosewa. Alikuwa wa marehemu mume wa shangazi. Marehemu alikunywa naye chai kila asubuhi, ndege akaishika sauti yake. Sasa ni miaka sita tangu tumzike, na Karani bado anasafisha koo na kusema, "Mke wangu, chai inapoa." Sauti ileile nzito. Kila nikiisikia naficha sigara.

Jambo lenyewe ni hili. Shangazi katamka mbele yetu wote wawili kwamba atakayemtunza Karani vizuri ndiye atakayepewa chumba cha mbele, kile chenye mlango wa barabarani. Nesi anataka kufungua duka la dawa. Mimi nataka kufungua fotokopi. Mashine ninayo, niliinunua mtumba nilipoachishwa kazi, na kwa miaka miwili imekaa chumbani kwangu uani, naizunguka kwa ubavu nikitaka kufika kitandani. Nina umri wa miaka arobaini na minne. Chumba kile ni changu, liwe liwalo.

Masharti kabandika ukutani kwa mwandiko wake mkubwa wa macho mabovu. Apewe papai, embe, boga, karoti, mchicha. Tufaha litolewe mbegu. Parachichi ni sumu kwake, asilione hata kwa mbali. Chumvi hapana, chokoleti hapana. Mbegu za alizeti ni za kuonja tu, tena mara mojamoja. Na la mwisho, limepigiwa mstari mara mbili: hali peke yake, kula naye, lakini usiseme neno.

Asubuhi zamu yangu. Jioni zamu ya Nesi.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mimi si mtu wa matunda. Mama alinilazimisha papai utotoni na mpaka leo harufu yake inanikumbusha kupigwa. Lakini nimekaa mbele ya tundu saa moja asubuhi na kijiko changu, nikatafuna, nikameza. Karani akachukua kipande chake kwa ukucha, akakigeuza, akakikagua, akakirusha. Kimenipata shatini. Shati jeupe!

Jioni kaja Nesi, bado na sare ya kazi. Kakata boga vipande vidogovidogo, kakaa, kala kimya. Karani akala bakuli zima. Akamalizia na kujikuna kichwani kwa raha. Nesi hata hakunitazama. Angalau angenicheka.

Tangu utotoni ni hivyohivyo. Mimi namwaga jasho, yeye anavuna.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimegundua siri. Alizeti! Nimeingiza kiganja kimoja, Karani kaja mbio kama mtu aliyesikia kuna bure. Basi mpango ni huu. Saa kumi jioni nampa alizeti mpaka atosheke. Saa kumi na mbili Nesi anakuja na boga lake, ndege ameshiba, hana habari naye. Siku mbili sasa.

Jana kakataa boga. Leo kakataa embe, karoti na mchicha. Nesi akaniuliza kama amekula kitu. Nikamwambia hapana, ila labda mikono yake inanuka dawa za hospitali, ndege ni viumbe wepesi wa kunusa. Kanawa mara tatu. Kakata vipande upya. Karani akampa mgongo.

Nimelala kwa raha ambayo sijaipata tangu kufukuzwa kazi.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Balaa. Karani kajikunyata kwenye pembe ya tundu, manyoya yamemsimama, kinyesi maji matupu. Nesi kamwita daktari wa mifugo. Mtu wa ng'ombe huyo, ana buti za mpira mpaka magotini, lakini kamshika ndege kwa upole wa ajabu. Akaniuliza anakula alizeti kiasi gani. Nikasema kidogo tu. Akainama akachungulia chini ya tundu. Maganda yamejaa kama mbele ya lango la uwanja wa mpira. Kaandika tu.

Kasema ini limelemewa na mafuta. Alizeti marufuku kabisa. Matunda na mboga tu, na mtu ale naye, la sivyo hatagusa kitu na tutampoteza. Hayo kayasema akinitazama mimi.

Nesi kaniambia kuanzia kesho ana zamu za mchana na jioni wiki nzima, wenzake wawili wanaumwa. Kaniomba, kwa kunishika mkono, nimlishe asubuhi na jioni.

"Kaka, nakuomba. Huyu si ndege tu kwa shangazi."

Nimekubali. Uso wa huzuni, moyo unacheza. Uwanja wote ni wangu sasa.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Karani hali kitu. Nimekula papai mbele yake, kanitazama. Nimekula embe. Nimekula karoti mbichi, kanitazama nikihangaika nayo kama anasubiri nivunje jino. Yeye hajagusa kitu.

Adhuhuri nikaanza kuogopa kweli. Akifa huyu, chumba kimekwenda, na uani kwa shangazi sitakaa tena. Nitakwenda wapi? Mke wangu wa zamani hata simu yangu hapokei.

Nikaanza kusema. Sikupanga, yametoka yenyewe. Nikamwambia Karani habari za meneja aliyenifukuza kwa sababu ya karatasi rimu mbili ambazo, naapa, nilikuwa nimeziazima. Nikamwambia habari za mke. Nikamwambia mimi nimeonewa, watu hawana shukrani, asante ya punda ni mateke. Nikapumua kwa nguvu. Karani akainamisha kichwa. Akasogea. Akachukua kipande cha papai akala! Nikaendelea na habari za Nesi alivyopelekwa chuo mimi nikaambiwa nisubiri mwaka unaofuata. Akala cha pili. Habari za mwenye nyumba wa zamani, cha tatu.

Kumbe anataka mazungumzo. Huyo shangazi kamlisha miaka sita kwenye msiba wa kimyakimya, maskini wa Mungu.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Anakula kila kitu. Boga la kuchemsha, tufaha, mchicha, maharage machanga. Manyoya yameanza kung'aa. Mimi pia suruali imelegea, nimetoboa tundu jipya kwenye mkanda.

Nesi kapitia leo kabla ya zamu. Kanikuta katikati ya habari za meneja. Akaniuliza kama sijasoma sharti la mwisho. Nikamwambia nimelisoma, na ndilo lililokuwa likimuua ndege. Hapo ndipo akanieleza. Kasuku huiga sauti ya yule anayekula naye. Shangazi anakula kimya makusudi, kila siku, ili Karani asishike sauti nyingine juu ya ile ya Marehemu. Picha anazo mbili tu, na zote hazisemi.

Nikamwambia hizo ni imani za bure. Sauti si kaseti, hairekodiwi juu ya nyingine. Na tena, nani mwenye ndege anayekula hapa?

Kaondoka akitikisa kichwa. Wivu huo.

Ukweli wangu, na hapa naandika kwa kuwa hakuna asomaye, ni kwamba nayapenda haya mazungumzo. Saa moja asubuhi, saa moja jioni. Hakuna aliyenisikiliza hivi bila kutazama saa tangu nioe, na hata alipokuwepo yule alikuwa anatazama saa.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Siku kubwa! Nikiwa navaa viatu, nimejisikia nikipumua sebuleni. Nikashtuka, mimi niko huku. Nikaenda. Karani kavuta pumzi ndefu, kaiachia polepole, kisha kasema, "Mimi nimeonewa." Sauti yangu yenyewe! Mpaka kule kukwaruza kwa sigara. Nilitaka kulia kwa furaha. Hajawahi mtu kukubaliana nami waziwazi namna ile.

Nesi kafika jioni, zamu zimekwisha. Ndege akamwambia, "Watu hawana shukrani." Nesi akakaa chini. Akaniuliza ni lini mara ya mwisho amesema habari ya chai. Nikafikiri. Wiki hii sijaisikia. Nikamwambia ndege si saa ya ukutani, atasema akipenda.

Akakaa pale mpaka giza likaingia. Anasafisha koo, anamimina chai, anagonga kijiko kwenye kikombe. Karani akapumua tu, kama mimi. Mwishowe Nesi akalia. Nikamwonea huruma, nikamwambia asijali, nikishafungua fotokopi nitamtolea nakala bure za vyeti vyake.

Akainuka akawasha taa.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Jana niliona nisipoteze wakati, nikaanza kuisukuma mashine kuelekea chumba cha mbele. Imekwama kwenye korido, haiendi mbele, hairudi nyuma. Shangazi kafika leo saa nne, ikabidi aingie kwa mlango wa uani, na miwani yake myeusi, Nesi akimshika mkono. Mwanzo mbaya kidogo.

Lakini alipovua miwani akamwona Karani! Akasema hajawahi kuuona mkia ule ukiwa mwekundu hivyo, alidhani ni wa kahawia. Akanishika bega. Akaniita mwanangu. Nesi alikuwa anataka kusema kitu, nikamwahi, nikaeleza habari za papai, boga, na jinsi nilivyojinyima. Kuhusu alizeti sikuona haja.

Shangazi akaomba chai. Akaweka kikombe karibu na tundu, akakaa na mikono mapajani. Kakaa kama mtu anayengoja mgeni. Chai ikapoa. Nesi akaleta nyingine. Ikapoa. Ya tatu. Karani akavuta pumzi, akasema, "Mimi nimeonewa. Meneja yule ni shetani."

Nikacheka peke yangu.

Shangazi hakugomba. Ningependa angegomba. Aliutazama mdomo wa ndege kwa macho yake mapya, kisha akanitazama mimi.

"Miaka sita nimekula naye bila kufungua kinywa," akasema. "Nilidhani mume wangu nilimzika mara moja tu."

Nikamkumbusha kwamba ndege ni mzima, ameshiba, ana afya, na makubaliano yalikuwa ni kumtunza. Akasema ni kweli, nimemtunza. Akasema chumba cha mbele ni cha Nesi. Akasema tundu nilichukue, ndege ni wangu, amekuwa mimi mtupu.

Wanaume wanne wa mtaani wameitoa mashine kwenye korido. Imerudi chumbani kwangu. Tundu liko juu yake.

Alhamisi, tarehe 20 Juni

Hakuna usingizi. Kukipambazuka tu, Karani anaanza. Nimeonewa, hawana shukrani, nimeonewa. Pumzi ndefu. Sikujua kama nina sauti ya kuudhi hivi. Daktari wa buti aliniambia ndege hawa wakitunzwa huweza kufika miaka hamsini au zaidi. Huyu ana kumi na minane. Nimepiga hesabu, nikaacha.

Mbele huko Nesi anapaka rangi. Shangazi hatoki chumbani ila kula, na chakula chenyewe anaonja tu. Jana nilimpelekea vipande vya embe, vimerudi vilevile. Imeniuma. Imeniuma sana, maana ni shangazi huyohuyo aliyenipokea watu wote waliponifungia mlango.

Basi nimekaa nikafikiri, na nimepata mpango. Mpango safi, hauna dosari. Sauti ya Marehemu naikumbuka vizuri, alinigombeza miaka ishirini. Nikimfundisha Karani upya, kwa zabibu, akairudisha ile chai, shangazi atafurahi na habari ya chumba itafunguliwa upya. Rangi ya Nesi haijakauka hata.

Leo nimeanza. Nilisimama kwenye dirisha langu linalotazama jiko la shangazi, zabibu mkononi, nikasafisha koo kama yeye, nikashusha sauti mpaka tumboni. "Mke wangu, chai inapoa." Karani akakodoa. Nikarudia. Mara ya tano imetoka yenyewe kabisa, mpaka mimi nywele zimenisimama.

Mlango wa jiko ukafunguka kwa kishindo. Shangazi kaja mbio! Miguu mitupu, kikombe mkononi, chai inamwagika njia nzima, uso umemjaa nuru nisiyoiona tangu Marehemu afe. Kafika chini ya dirisha langu. Kaniona mimi, mdomo wazi, na zabibu yangu.

Kasimama kidogo. Kisha karudi ndani polepole, kafunga mlango, na dirisha pia.

Kwa hiyo sauti nimeipata! Siku ya kwanza tu na kakimbia vile. Kesho naanza alfajiri, na nitaongeza kikohozi.