Kifua cha Redio ya Mama Teodora

Mudy aliposikia muziki unatoka kilabuni kwa Mama Teodora, mwembamba kama nyuki aliyefungiwa chupani, alijua Mungu hajamsahau.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, bidhaa zinaingia kama mvua: mitumba, sabuni za kunukia, redio zenye taa za rangi tatu. Mama Teodora, mjane wa Njombe muuza ulanzi, ile pombe ya mianzi, alikuwa ametumiwa redio na mwanawe aliyeko Dar. Ilikuja na vispika viwili, kila kimoja ukubwa wa mkate, akavipanga rafuni kulia na kushoto kwa picha ya Bikira Maria. Lakini ng'ambo ya barabara Yohanes alikuwa na spika kubwa kama kabati, na wanywaji walishaanza kuvuka.

"Kamwene, mama," Mudy alisema mlangoni. "Humu ndani anaumwa nani?"

"Hakuna mgonjwa."

"Basi inayoumwa ni hiyo redio. Haina kifua."

Mama Teodora aliitazama redio, kisha akamtazama Mudy. "Kifua nacho kinauzwa?"

"Siku hizi nini hakiuzwi, mama? Kinaitwa sabufa. Vispika vyako vinabaki hapohapo rafuni na sauti zao nyembamba. Sabufa inakaa chini sakafuni, inabeba besi."

Sasa Mudy, mkazi wa Makambako, alikuwa na sabufa mbili. Moja ilikuwa ya kweli, imetoka Dubai. Ya pili ilitoka Mahongole, kwa fundi seremala Benno: mbao za msindano, rangi nyeusi, kitambaa mbele, na ndani matofali mawili yaliyoshindiliwa mchanga. Ya kweli ilikuwa ya kuonyesha, ya Benno ya kuachia. Kwa utaratibu huo sabufa moja ilishauzwa mara sita, kutoka Ludewa hadi Lugarawa, na bado ilikuwa inalala uvunguni kwa Mudy. Ikipotea hiyo, angerudi kubeba magunia stendi, kazi aliyoiacha kwa sababu za kiafya: ilikuwa inamchosha.

Juma lililofuata, siku waliyokubaliana, alirudi Njombe na viroba viwili. Mama Teodora alikuwa anamngoja stendi, sweta juu ya khanga. Kabla Mudy hajafungua mdomo, akampokea kiroba kimoja na kujitwika, kama mgeni yeyote anavyopokewa mzigo. Kilikuwa na sabufa ya kweli. Mudy akabeba kile kingine, akisema ni cha mteja wa Ludewa.

Nyumbani wakaunganisha waya. Besi ilipopiga, vikombe vilitembea mezani na kuku aliyekuwa analalia mayai uvunguni akaacha kazi. Mama Teodora akaweka kiganja juu ya meza, akatulia.

"Hiki ndicho kifua," alisema, akaingia chumbani kuchukua hela.

Aliporudi, sanduku jeusi lilikuwa pembeni limefunikwa shuka, na kiroba cha mteja wa Ludewa kimefungwa vizuri.

"Lisiguswe mpaka kesho jioni," Mudy alimwonya, akipokea hela. "Limetoka joto la Dubai. Liache lizoee baridi."

"Hata mimi nilipoolewa huku nilichukua mwaka."

Mudy akatoka nje kuaga majirani. Mama Teodora akajitwika kiroba ili amsindikize, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Kuna nini, mama?"

"Nimejisahau. Utaondokaje kwangu mikono mitupu? Ngoja nikutilie viazi."

Akarudi ndani na kiroba kichwani. Mudy aliguswa moyoni. Watu wa huku wana utu, aliwaza, akajiapiza kwamba siku nyingine akija kuibia mtu Njombe, hatakuwa mama huyu.

Jioni ile, Makambako, mwenye malori aitwaye Abdulaziz alikuwa anangoja kuonyeshwa. Mudy akatoa viazi, akatoa sanduku, akageuza huku na huku kutafuta pa kuchomeka waya. Hapakuwepo.

Abdulaziz akainama, akatega sikio. "Bwana Mudy, hii inaimba kimoyomoyo?"

Mudy aliitambua misumari ya Benno.

Kesho yake, aliposhuka basi Njombe na sanduku la Benno kirobani, besi ilimfikia miguuni kabla ya masikioni. Kwa Yohanes palikuwa na mbwa tu.

"Mama, jana kuna vitu vilichanganyika."

"Vilichanganyika, nikavisahihisha," alisema Mama Teodora, akimimina ulanzi. "Miaka thelathini nabeba viazi kwa kichwa hiki. Sanduku nililokupokea stendi lilikuwa linanivuta shingo upande. Nakusindikiza, nasikia shingo inavutwa vilevile. Nikasema, kijana wa watu kachanganya, anaondoka na mali yangu. Nikabadilisha kimyakimya, usiaibike mbele ya majirani. Au nilikosea? Mwenyekiti wa kijiji yule pale anakunywa. Tumwite ayafungue masanduku yote mawili."

Mudy alimtazama mwenyekiti. Alikuwa na povu kwenye sharubu, na alionekana ana nafasi ya kutosha.

"Hukukosea, mama."

"Ahsante, mwanangu. Basi kwa vile umekuja mwenyewe, kuna waya kule nyuma unakwaruza. Si wewe ndiye fundi?"

Wanywaji wakasogeza viti kumpisha. Mudy akapiga magoti nyuma ya sabufa, akatoa bisibisi yake mfukoni, akaukaza ule waya vizuri, kwa moyo wote, maana kazi ya ovyo hakuwahi kuipenda. Besi ikatoka safi kuliko jana.