Mayai Mia kwa Babu Mwenye Kiwanja

Jumatatu, 7 Oktoba

Balaa! Shangazi Bunruean ametangaza leo mezani, katikati ya samaki na wali: mpwa wake Yupin anarudi kisiwani na kichanga, anahitaji chumba. Wapangaji tuko wawili, mimi na Chaluay kinyozi. Vyumba viwili. Mmoja wetu afungashe virago kabla ya Jumapili. Nani? Hajasema. Amesema atafikiri, kisha akaniongezea mchuzi.

Nifungashe mimi, Thawin? Nilikuja hapa kutoka Khon Kaen, mji wa bara, kutengeneza pampu ya maji, kazi ya juma moja. Huu mwaka wa tatu. Kwetu hakuna bahari, na hakuna anayeniuliza kila asubuhi kama nimekula. Shangazi huuliza hata nikiwa na kijiko mdomoni. Mimi siondoki hapa. Aondoke Chaluay, anakoroma mpaka ukuta unatikisika.

Jumanne, 8 Oktoba

Mpango wa kwanza: niwe mtu asiyeachika. Nimemwambia Shangazi apumzike, viungo vya mchuzi nitatwanga mimi. Pilipili ya huku kusini si kiungo, ni hukumu. Nimetwanga kwa moyo wote. Hapa mama mkwe humpima mke wa mwanawe kwa mlio wa kinu tu, hana haja ya kuonja. Shangazi akauliza kutoka uani ni nani anampiga mwizi jikoni. Nikajifuta jasho kwa mkono uleule. Jicho! Jamani, jicho! Nilipiga kelele mpaka paka akahama.

Chaluay akamalizia. Tu, tu, tu, kama mtu aliyezaliwa kinuni. Akasifiwa. Mnafiki mkubwa!

Jioni Shangazi akaniwekea kitambaa cha maji baridi jichoni. Akaleta na wali wa kunata, ule wa kwetu, ambao nyumba hii nzima naula mimi peke yangu. Kaupika kwa ajili yangu. Nilitaka kulia, ila machozi nilikuwa nimeshayamaliza.

Jumatano, 9 Oktoba

Akili mpya. Kwa nini nihangaike na wanadamu? Kando ya jikoni, juu ya nguzo, kuna kibanda cha Babu Mwenye Kiwanja, mzimu anayelinda nyumba hii. Yeye ndiye mwenye mji. Sisi wote wapangaji wake, hata Shangazi. Nimewasha udi, nimemfungulia soda nyekundu na kumtilia mrija, nikaweka nadhiri. Kwa sauti, maana nadhiri za kimoyomoyo siziamini. Nikibaki, Babu, mayai mia ya kuchemsha.

Narudi baadaye kuangalia udi, namkuta nani? Chaluay, kapiga magoti palepale. Soda mbili! Mayai mia mbili! Mwizi wa mawazo, hana hata haya.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimepandisha dau: mayai mia mbili na kichwa cha nguruwe. Chaluay naye: mia tatu, kichwa, na wachezaji ngoma wa kukodi, wamchezee Babu. Nimeshindwa kula. Uongo, nimekula sahani mbili, yalikuwa yale maharage yanayonuka, yamekaangwa na kamba. Lakini nimekula kwa huzuni.

Jioni nikarudi kwa Babu. Hasira hasara, mama alinionya tangu zamani. Nikasema: Babu, huyo anakukodia miguu ya watu. Mimi nitacheza mwenyewe, na taji la wachezaji kichwani, mbele ya mtaa mzima!

Nyuma yangu sauti ya Chaluay ikadakia, "Na mimi pia, Babu! Na kucha ndefu za shaba!"

Dirisha la jikoni likafungwa kwa kishindo. Upepo, nadhani.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuna anayeondoka!

Shangazi alituita mezani, akatutazama kwa zamu. Akasema siku zote hizi hana usingizi, anatafuta wa kumfukuza na hamwoni. Huyu hajaiacha pampu yake ikauka hata mara moja. Yule alimnyoa ndevu marehemu mumewe mpaka siku ya mwisho, wala hakutaka asante. Basi Yupin atachukua chumba cha Chaluay, na Chaluay atahamia kwangu.

Niliunganisha viganja nikainama mpaka paji la uso likagonga meza. Furaha tupu. Kisha Chaluay akanitazama. Nami nikamtazama. Wote tumebaki. Wote tumepewa tulichoomba. Lo!

Nikauliza, kwa ujumla tu, kama nadhiri ya hasira inahesabika. Shangazi akasema, "Ahadi ni deni, mwanangu, na Babu hasahau." Akaongeza kwamba taji ameshaniazimia. Kajuaje habari za taji? Sikumwambia mtu.

Jumapili, 13 Oktoba

Tumecheza. Taji liliniteremkia puani, nikawa nauchezea mwembe wa jirani nikidhani ni kibanda. Kucha za Chaluay zilinasa kwenye shada la maua la kibanda cha Babu, likamfuata uwanja mzima. Mtaa wote ulikuwepo, wengine juu ya ukuta. Yupin alicheka mpaka kichanga kikaamka. Kichanga kikaniona, nacho kikacheka.

Shangazi alijifuta machozi kwa pindo la sarongi. Akasema tangu mumewe afariki hajacheka hivi. Hapo nikaongeza wimbo mmoja zaidi, bila kuombwa.

Babu alipokwisha kutengewa yake, mayai yakarudi jikoni, yakakaangwa, yakamwagiwa mchuzi wa ukwaju, mtaa ukala. Mimi nilikaa uani nimeshiba, taji mapajani, nikiwaza jinsi watu wasio ndugu zangu walivyonifanya ndugu. Nashukuru. Kweli nashukuru. Sitaki kitu kingine chochote duniani.

Jumatatu, 14 Oktoba

Usiku wa pili chumba kimoja, na Chaluay anakoroma kama ile pampu kabla sijaitengeneza. Leo sijafumba jicho!

Alfajiri nimenyata mpaka kwa Babu. Safari hii nina akili, nanong'ona. Nimemwambia nawapenda wote ndani ya nyumba hii, naomba tu chumba cha peke yangu. Nikipewa, mayai elfu moja, na nitacheza kutwa.

Dirisha la jikoni likafunguka. Harufu ya kitunguu saumu. Shangazi akauliza kama nimekula. Kisha akasema, "Pandisha sauti, mwanangu. Chaluay alipita hapa jana jioni, kafika elfu mbili. Anasema unaongea usingizini."

Nikapandisha. Elfu tatu!