Ufunguo wa Maabara Pacha ya Usawa na Imani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye kwa kuwa nimefika mwenyewe nitamwomba aketi. Waheshimiwa Viongozi wa Dini zetu zote mlioketi upande wa kulia wa kivuli, na Waheshimiwa Wanaharakati wa Usawa mlioketi upande wa kushoto wa kivuli hichohicho. Mwalimu Mkuu wa shule hii, mama yetu mpenzi, ambaye nimeona anaangalia saa yake mara kwa mara na naitafsiri hali hiyo kuwa ni shauku. Wajumbe wa Kamati, Wajumbe wa Kamati Ndogo ya Kamati, wazazi, walezi, wanafunzi wa kike na wa kiume, na dereva wangu: wapo viongozi wavivu ambao wakifika hapa husema itifaki imezingatiwa, kisha wakaendelea na safari yao. Mimi ni Mratibu Mkuu Msaidizi wa Maelewano ya Jinsia, Imani na Samani za Shule, na siwezi kumnyima mtu cheo chake, hata kama cheo chenyewe nimempa asubuhi ya leo. (Makofi safu ya mbele. Safu za nyuma zinasogeza viti kukimbia jua.)

Ndugu wananchi, tulikotoka ni mbali. Mtakumbuka kwamba mwanzoni mwa mwaka baba mmoja, seremala wa mtaa huu, ndiye yule pale mwenye shati la buluu aliyekaa na mama yake mzazi, alikwenda kwa Mwalimu Mkuu akasema kuwa imani yake haimruhusu binti yake kubanana bega kwa bega na wavulana kwenye meza moja ya maabara, na akaomba wasichana wanaotaka wapewe meza yao, humohumo ndani, na mitandio yao waifunge kwa nyuma isije ikashika moto. Ndipo kwenye kikao cha wazazi mama mmoja muuguzi, yule mwenye miwani, akainuka akasema hataki hata kusikia, maana meza ya pembeni itageuka kuwa meza ya kutazama tu, na mtoto wa kike katika shule ya umma ana haki ya kuwasha moto na kuchanganya dawa kwa mikono yake mwenyewe. Wakabishana. Naambiwa lilikuwa bishano la kutoana jasho. Kisha, bila kuishirikisha ofisi yangu, bila semina elekezi, bila hata mwezeshaji mmoja, wakakubaliana kabla chai haijapoa: meza mbili, vifaa vilevile, mwalimu yuleyule, na kila mtoto akae anapotaka. Seremala akajitolea kutengeneza meza. Muuguzi akaahidi vibanio vya mitandio. (Seremala: "Ndivyo ilivyokuwa, Mheshimiwa." Muuguzi: "Na meza alishaimaliza zamani!")

Mnaiona hatari iliyopo hapo? Wananchi wawili wamepatana wao kwa wao! Leo wanapatana kuhusu meza, kesho watapatana kuhusu nini, na sisi wenye ofisi tutakwenda wapi? Jambo zito, jambo mtambuka, jambo jumuishi, au la kiinklusivu kama tunavyoliita kitaalamu, ambalo mabingwa wa dunia nzima wanalikunia kichwa, haliwezi kumalizwa na watu wanaochovya mkate kwenye chai. Haraka haraka haina baraka. Nikaagiza meza hiyo isiingizwe ndani mpaka upembuzi yakinifu ukamilike, na kwa kuwa imani za wazazi lazima ziheshimiwe, nikaelekeza kwamba wasichana wote, pamoja na wale ambao wazazi wao hawakuomba chochote, watoke nje ya maabara na kulifuata somo kupitia dirishani.

Tuliuita Mfumo wa Dirisha. (Mtu anacheka, anajifanya anakohoa.) Nina takwimu. Asilimia mia moja ya wasichana waliuona mgongo wa mvulana. Asilimia sitini waliona moshi. Asilimia arobaini walisikia harufu, na kati yao wapo waliotambua ni harufu ya nini. Na ilipokuja mvua, ofisi yangu haikulala: tulitoa tamko.

(Seremala anasimama: "Mheshimiwa, mimi sikuomba mwanangu atolewe nje! Niliomba meza. Mtoto anarudi nyumbani ameloa chapachapa, hana alichojifunza, na watu mtaani wananinyooshea kidole kwamba ni dini yangu iliyomtoa darasani. Inaniuma, Mheshimiwa. Inaniuma sana." Mama yake anamvuta shati akae. Muuguzi anampisha kiti chake kilicho kivulini.)

Nakushukuru, mzee wangu, kwa pongezi hizo. Basi, wanaharakati wakaja ofisini kwangu na mabango, wakasema Mfumo wa Dirisha ni ubaguzi. Nikawasikiliza, maana mimi ni kiongozi msikivu na nina cheti cha usikivu kilichotundikwa juu ya kiti changu, na siku hiyohiyo nikarekebisha kasoro: nikawatoa wavulana nao, nikaifunga maabara, na ufunguo nikauweka kwenye droo yangu mwenyewe. Kuanzia hapo wasichana wanaofanya majaribio ya sayansi katika shule hii ni sifuri, na wavulana wanaofanya majaribio ya sayansi katika shule hii ni sifuri. Sifuri kwa sifuri! Nitajieni shule nyingine iliyofikia usawa mkamilifu kiasi hicho. Kwa upande wa imani, tangu siku ile hakuna mtu hata mmoja aliyebanana na mwenzake. (Makofi safu ya mbele, machache.)

(Binti wa seremala, mwanafunzi wa darasa la mwisho, anasimama na kitabu chake kifuani: "Shikamoo, Mheshimiwa. Mtihani wa vitendo ni kesho asubuhi. Nimesoma kitabu chote, lakini sijawahi kuwasha kichomeo hata siku moja. Nikishindwa kesho, ndoto yangu ya kuwa mfamasia ndiyo imekwisha. Tunaomba leo tuingie, hata kwa muda mfupi.")

Marahaba, binti yangu, swali zuri, na nimefurahi umeliuliza kwa sauti ya kusikika, maana hiyo ni ishara kwamba sera zetu za kumwezesha mtoto wa kike zinazaa matunda. Usiwe na wasiwasi. Mtahiniwa ambaye hajawahi kuwasha kichomeo ana sifa moja kuwashinda wenzake wote: hajawahi kukosea kukiwasha.

Na ndiyo maana leo tuko hapa. Nyuma ya turubai hili kubwa, mbele yake utepe mwekundu, kuna jibu. Tunazindua Maabara Pacha ya Usawa na Imani, yenye mlango mmoja wa usawa na mlango mmoja wa imani, korido mbili ambazo hazikutani mpaka zifike kwenye chumba cha mapumziko cha Mgeni Rasmi, na dirisha la kumbukumbu kwa heshima ya mfumo wa zamani. Ili kuufikia ubora huu nilifunga safari za mafunzo katika nchi nne, nikiwa na ujumbe wa watu tisa, wanane kati yao wakiwa wa familia yangu kwa ajili ya mtazamo wa kifamilia. Katika nchi moja tulikuta maabara imefungwa kwa sababu ya mapumziko, nikalazimika kuitazama kwa nje, nimesimama kwa ncha za vidole dirishani, na nawaambieni, hapo ndipo nilipoyaelewa kwa undani mateso ya mtoto wa kike. (Mwakilishi wa Mgeni Rasmi anafuta machozi.)

(Mama yake seremala: "Mheshimiwa mjukuu wangu, mimi nyumba yangu ni hapo nyuma. Hilo jengo limejengwa lini? Sijasikia hata nyundo.")

Bibi yangu, ujenzi wa kisasa hauna kelele. Kuhusu jengo lenyewe, nitaligusia kidogo kwenye shukrani. Tazameni kwanza maandalizi. Tazameni meza hii imara ninayoiegemea, iliyopigwa randa ikalainika kama shavu la mtoto, ambayo Afisa wangu wa Itifaki aliikuta getini juu ya mkokoteni na, kwa jicho lake la kitaalamu, akaitambua mara moja kuwa ni meza ya hotuba. (Seremala: "Hiyo ndiyo meza yenyewe! Nimeileta kwa ajili ya watoto!") Inapendeza, mzee wangu, nimekubali.

Sasa tunafika kwenye kilele. Hakuna uzinduzi bila kukabidhi ufunguo. Kwa sababu za kiufundi, milango ya Maabara Pacha haijafikia hatua ya kuwa na kitasa, lakini Afisa wangu wa Itifaki hakosi ubunifu: alfajiri ya leo alifungua droo yangu, akachukua ufunguo aliokutana nao, akaufunga utepe wa dhahabu. Namwita binti yuleyule mwenye kitabu aje aupokee kwa niaba ya wanawake wote, na kwa niaba ya waumini wote, na akimaliza atulie kwa ajili ya picha.

(Binti anapokea ufunguo kwa mikono miwili. Anautazama. Anamwonyesha Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu anaugeuza upande wa pili, anavua miwani, anaivaa tena: "Huu ni wa maabara yetu." Kisha, kwa sauti ya mstarini: "Darasa la mwisho, wote, wasichana kwa wavulana, nifuateni! Mitandio nyuma, mashati ndani!" Vumbi.)

Tazameni furaha hiyo! Tazameni vijana wanavyokimbilia maendeleo! Mbona wanaelekea kule? Jengo liko huku, nyuma ya turubai. Si neno, watazunguka. (Seremala na muuguzi wanafika jukwaani. Seremala: "Samahani, Mheshimiwa, inua karatasi zako." Muuguzi anakusanya maua, anamkabidhi Mheshimiwa. Wanaibeba meza, huyu mbele, huyu nyuma, wakielekezana: "Polepole hapo kwenye ngazi." "Nimeshika, wewe twende.") Karibuni, karibuni, jisikieni nyumbani. Hiyo chupa ya maji ni yangu. Asanteni.

Nikiwa sasa nimesimama bila kizuizi kati yangu na wananchi, naomba tuseme kaulimbiu kwa pamoja. Nikisema Usawa, mnaitikia Kwa Mchakato! Usawa! (Wazazi wa safu za nyuma wanainuka, wanawakimbilia watoto maabara.) Nikisema Imani, mnaitikia Kwa Kamati! Imani! (Mama yake seremala, ambaye goti halikumruhusu kukimbia: "Kwa meza!") Vizuri, bibi, umekaribia.

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchoraji wa mabango, aliyeichora Maabara Pacha juu ya turubai hili kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba nilipofika nilitaka kubisha hodi. Namshukuru mkandarasi, ambaye hayupo nasi kwa kuwa hatujamtafuta. Namshukuru mwenye uwanja ulio nyuma ya turubai, ambao si wa shule, kwa kuridhia kumhamisha mbuzi wake mpaka hotuba iishe. Kipekee kabisa naishukuru Kamati Ndogo ya Kamati, iliyonishauri kwa busara kwamba jengo ambalo halipo haliwezi kumbagua mtu yeyote kwa imani yake wala kwa jinsia yake, na kwamba kulijenga kungetuharibia mafanikio hayo. (Safu ya mbele inapiga makofi, inageuka nyuma, inaona viti vitupu, inaacha.)

Na mwisho wa yote, naomba ufunguo urudishwe kwa Afisa wa Itifaki, maana kesho asubuhi tunauhitaji kwa uzinduzi kama huu katika shule ya jirani. Ufunguo, tafadhali. Dereva, hebu nenda ukauchukue.

(Dereva anakwenda. Anasimama kwa ncha za vidole dirishani, anachungulia kwa muda mrefu kuliko alivyotumwa. Anarudi mikono mitupu, anatabasamu.)

Wamesemaje?

(Dereva: "Mzee, yule binti amewasha moto. Anasema samahani sana, ufunguo hautoki leo. Lakini kama Mheshimiwa hana haraka, anakaribishwa kulifuata somo dirishani.")