Vita vya Nguzo Zilizojificha Chini ya Sakafu

Njooni, enyi mliojitwika ndoo, zitueni. Nanyi mnaochambua maharage, acheni mawe yasubiri, maana nawasimulia kishindo kilichotokea Kasulu mwaka wa tisini na nane, mvua za kwanza zikinguruma upande wa Burundi. Namtaja Herieth, mama Kezia, mchoraji wa ofisi ya ujenzi, simba jike wa kiti cha plastiki, aliyeitawala kompyuta pekee ya ofisi ile huku bega lake likinukia maziwa ya mtoto.

Mbele yake aliketi Castory wa Mabamba, amiri wa mafundi, bwana wa timazi na pima maji, mzee asiyejua kurudi nyuma. Alikuja kuchukua mchoro wa wodi ya wazazi, apande gari la saa sita, kesho waanze kuchimba. Asipoondoka leo, mafundi wake watashika majembe wakapande mahindi, na wajawazito wa kule watajifungulia kwenye stoo ya zahanati mwaka mwingine mzima.

Mzee akautazama mchoro kwenye kioo cha kompyuta. Akautazama tena, akavua kofia.

"Mama Kezia," akanena, "kiwanja chetu ni mteremko. Ulisema sakafu itabebwa na nguzo. Ziko wapi?"

"Zipo, mzee wangu. Nimezisimamisha mwenyewe, na mihimili yake. Sakafu imezifunika tu."

"Mimi naona sakafu inaelea. Wanaoishika ni malaika?"

"Ziko chini yake."

"Basi ifunue, mwanangu. Sitawaambia watu wachimbie kitu kinachojificha."

Ndipo vita vikaanza. Herieth akakikamata kipanya, akaivamia programu ya kuchorea kutoka mashariki, ikamwonyesha milango. Akaizunguka kutoka magharibi, ikamwonyesha vitanda. Akaukuza mchoro mpaka sakafu ikajaa kioo kizima kama mbuga isiyo na mti. Jenereta likakohoa, mashine ikaganda, ikazinduka. Nje, dereva akapiga honi.

Mhandisi Evaristi, mtu wa Iringa aliyehamishiwa huku na bado analalamikia vumbi, akachungulia mlangoni. "Mpe hivyo hivyo, Herieth. Mzee ana uzoefu, atakisia."

"Mimi sikisii mahali pa kumlaza mzazi," akajibu Castory, bila kugeuka.

Evaristi akaona ana kazi nyingine ya haraka kwingineko.

Basi Castory, kwa heshima ya magoti yake yote mawili, akashuka chini taratibu, akachungulia uvungu wa meza. "Unaona? Miguu ya meza hii naiona, kwa sababu nimeinama. Hicho kioo chako, kazi yake kusimama wima kama bwana harusi. Kinajua kuinama?"

Herieth akakigeukia kioo. Jamani, nani alikiambia kioo kiinamie wapi? Akafungua kidirisha cha mtazamo, mahali programu inapoambiwa jicho lake lifike kina gani, akakuta sifuri. Sifuri, juu ya sakafu kabisa! Jicho la mashine liliamriwa likome kwenye sakafu, nalo, mtumwa mtiifu, lilikoma.

Akaandika mita mbili, akabonyeza kwa kishindo cha radi. Yakatokea makenchi ya paa na mabati.

"Nimeomba miguu," akasema Castory, bado yuko chini, "umenipa kofia."

"Nilisahau alama ya kutoa, mzee. Nilikuwa natazama mbinguni."

"Mbinguni tutakwenda wote. Kwanza msingi."

Akaweka alama ya kutoa, kile kistari chembamba kuliko unywele wa mtoto. Mashine ikawaza. Honi ikalia tena, ndefu. Kisha, kidogo kidogo, chini ya vitanda na milango, mistari ya nukta nukta ikachomoza: huu mhimili, ule mwingine, na kila ilipokutana, nguzo, imara, zimetulia, kana kwamba hazikuwahi kutafutwa na mtu.

Castory akainuka, akaweka kidole juu ya kioo, akakipitisha nguzo hata nguzo, mdomo ukimcheza. "Hii inabeba chumba cha kujifungulia?"

"Hiyo, na hii ya jirani yake."

"Chapa."

Karatasi ikatoka kwa mlio wa panga linalonolewa. Mzee akaikunja, akaitia ndani ya shati, akalikimbilia gari likiwa limeshaanza kutembea.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, na msimsahau mama Kezia: siku ile, kabla ya saa sita, mbele ya mashahidi, sakafu ya Mabamba ilikiri kwamba haikusimama peke yake.