Kielelezo Namba Moja Hakizimwi

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba Kamati ya Unyoofu wa Ruta, ambayo mimi ni katibu wake msaidizi, imeiokoa Kairo. Tumekamata ruta moja, kile kifaa cha kugawa intaneti.

Ilikuwa nyumbani kwa Hajati Insaf wa mtaa wa Shubra, mwalimu mstaafu wa fizikia anayewafundisha watahiniwa arobaini kwa mtandao. Aliitoa programu ya kiwandani akaitia programu huria, mchana kweupe, bila hata kuona haya. Kanuni zinataka kielelezo cha ushahidi kitunzwe katika hali kilimokutwa. Kilikutwa kinawaka. Basi tukakigonga muhuri wa tai wa serikali, tukakichomeka kwenye laini ya ofisi.

Ni sadfa tu kwamba ruta yetu halali, iliyosahauliwa na kiwanda chake miaka sita sasa, huzirai mtu wa tatu akifungua barua pepe. Nywila ya kielelezo ilibandikwa chini yake. Wiki haijaisha, ghorofa nzima ilikuwa inakichunguza, wengine kwa kutazama mpira.

Hajati akatokea ofisini kwa Mkurugenzi wetu.

"Mkurugenzi, mtihani ni Jumapili. Nipe ruta yangu."

"Hajati, ina programu isiyojulikana."

"Isiyojulikana na nani? Kila mstari uko wazi, asome anayetaka."

"Ndiyo hatari yenyewe! Kitu kinachosomwa na kila mtu, mkubwa wake nani?"

"Kama ni hatari, si uizime?"

Kabla Mkurugenzi hajajibu, sauti ikatoka chumba cha pili: "Asizime, jamani! Penalti inapigwa!"

Mkurugenzi akakohoa. Kielelezo hakizimwi wala hakitoki, alieleza. Ila kanuni inamruhusu mwenye mali kukikagua palepale kilipo.

"Nitakikagua kila siku mpaka mtihani," akasema Hajati. "Inuka hapo kwenye kiti, mwanangu."

Kesho yake alikuja na ubao wa kufundishia. Akafungua mipangilio ya ruta, maana programu yake inamruhusu mwenyewe kupanga nani apite kwanza: watahiniwa mbele, Kamati nyuma.

"Hajati!" Mkurugenzi alilia kutoka kwenye benchi la ukumbini, kompyuta magotini. "Namtumia Waziri ripoti!"

"Subiri zamu yako, bwana. Tuko kwenye mikondo ya umeme. Na hii chai yenu, sukari nayo mmeikamata?"

Nasisitiza kwamba kifaa kimedhibitiwa kikamilifu. Ripoti yetu inasema hivyo hivyo. Tulianza kuituma Jumanne. Leo Alhamisi imefika asilimia nne.