Jogoo Niliyelipwa Leo

Leo nimejiaibisha mpaka natamani kuhama Homa Bay. Mkiona herufi zimerukana mnisamehe. Nitasimulia mara moja tu. Mkinikuta njiani msiniulize.

Wengi wenu mnanijua. Siku za kazi nauza simiti na misumari. Jumapili natengeneza kompyuta za marafiki kwenye chumba changu kimoja, ambacho pazia ndilo linalotenganisha kitanda na "ofisi". Na sijawahi kulipwa. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Naogopa! Rafiki akiniuliza, "Ni ngapi, omera, ndugu yangu?" najisikia nikisema, "Aah, kitu kidogo hicho, wacha tu." Anaenda na laptop yake, ananiachia "Mungu akubariki". Nimebarikiwa sana mimi. Nimekonda pia.

Sasa, nina mchumba. Anaitwa Achieng, anafanya kazi kwenye duka la dawa kule Migori. Mwezi ujao naenda kwao Kendu Bay kujitambulisha na kupeleka ayie, ile zawadi ya kwanza ambayo sisi Wajaluo humpa mama wa msichana ili akubali. Mama akikataa, hakuna harusi. Na huyu mama ni naibu wa mwalimu mkuu. Sijawahi kumuona, ila nimesikia akikohoa tu shule nzima inanyamaza. Juzi Achieng akaniuliza, "Hawa marafiki zako utawatengenezea bure mpaka lini? Ng'ombe za kwetu utanunua na asante?"

Maneno hayo yaliniuma. Nikaapa kwamba atakayefuata atalipa.

Aliyefuata ni Otieno, rafiki yangu wa boda boda. Jana Jumamosi alikuwa kwao Kendu Bay, kanisani kwao Wasabato. Leo asubuhi akabisha mlangoni, laptop kwapa hili, jogoo kwapa lile.

"Ni ya mwalimu mmoja wa kwetu," akasema. "Inapata moto halafu inazima. Nimemwambia hulipishi, akakataa kabisa. Anasema mikono ya mtu haichoshwi bure. Chukua jogoo."

Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama kama mtu anayenidai. Nikataka kusema "wacha tu", nikakumbuka ng'ombe za Achieng. Nikampokea! Malipo yangu ya kwanza maishani, yana manyoya na yananipiga mabawa usoni. Otieno akaenda zake kutafuta abiria, akasema jioni atakuja kuichukua.

Kwa nini sikusubiri kazi iishe ndipo nile? Njaa, ndugu zangu. Nikamchinja, nikamnyonyoa, nikambandika. Makaa yalikuwa yameisha, kwa hivyo nikatumia koili ya stima, lile jiko dogo la umeme. Lakini yule jogoo alikuwa mzee, yawa! Nadhani alisoma na mwalimu. Nilichemsha, nikadunga uma, uma ukarudi. Nikaongeza maji. Nikafungua laptop, nikasafisha feni iliyojaa vumbi, nikarudi kudunga, bado. Mpaka analainika, jua lilikuwa utosini.

Nikala. Nilianza na firigisi, ambayo kila mtu wa huku anajua ni ya mwenye boma, si ya kijana aliyepanga chumba kimoja. (Nilijiambia kwamba hapa mwenye boma ni mimi. Ona sasa.)

Nikanawa mikono, nikafunga skrubu zote, nikachomeka chaja kwa sababu betri yake ilikuwa imekufa siku nyingi. Nikabonyeza.

Kimya.

Nikabonyeza tena. Kimya. Nikachomoa, nikachomeka, nikaomba, nikabonyeza na kidole kingine. Hakuna kitu! Nikainusa. Kulikuwa na harufu ya kuungua (vitunguu vya mchuzi, lakini wakati huo ningejuaje?). Nimeua kompyuta ya mtu, na malipo yake yako tumboni. Pesa ungerudisha. Jogoo utamrudisha vipi?

Hapo simu ikalia ujumbe. Achieng.

"Mama amekuja Homa Bay leo kufuata laptop yake kwa fundi. Ile yenye stika ya kipepeo, niliibandika mimi. Ripoti ya shule iko humo na kesho asubuhi inatakiwa ofisi ya elimu. Tafadhali usizurure mjini na ile kaptula yako, usije ukakutana naye."

Nikageuza macho polepole kuelekea mezani. Nikaifunga ile laptop taratibu.

Kipepeo.

Uwi! Nikakaa sakafuni. Kwa mila zetu mama mkwe hukutani naye ovyo ovyo. Haoni kitanda chako. Humli kuku wake mpaka ukaribishwe kwa heshima, umevaa koti, na wazee wako pembeni. Na mimi ndiye niliyetakiwa kumpelekea kitu kwanza ili akubali! Badala yake nimetangulia kula cha kwake, na firigisi juu, halafu nikamuulia kompyuta. Na nimevaa kaptula ileile.

Pikipiki ikanguruma nje. Nikasikia sauti ya Otieno: "Ni hapa, Madam."

Mwanamume mwenye akili angevaa suruali. Mimi nilinyakua sufuria ya mchuzi uliobaki (kuficha ushahidi!), nikaruka nyuma ya pazia, nikajifunika blanketi kichwani. Sufuria nikaipakata.

Wakaingia.

"Fundi yuko wapi?" Sauti yenyewe ilikuwa ya kuitisha foleni. Nikajikuta nimeketi wima.

"Niko huku, mama," nikasema kwa sauti nzito isiyo yangu. "Naumwa. Msisogee. Ni... ni tetekuwanga!"

"Pole. Imekuanza lini?"

"Sasa hivi, mama."

Nikasikia kijiko kikigongana na sahani. Yawa, mifupa! Nilibeba sufuria nikasahau sahani.

"Mgonjwa anakula vizuri," akasema.

Halafu nikasikia akibonyeza laptop. Mara moja. Mara ya pili. Moyo wangu ulikuwa unapiga mpaka mfuniko wa sufuria unalia.

"Kijana, ripoti ya shule nzima iko humu. Mbona haiwaki?"

Nilikuwa namwona Achieng akiolewa na mtu mwingine, mtu wa kazi ya maana, asiyejua hata bisibisi ni nini. Machozi yalinilenga, sifichi.

"Hapa kuna giza, hebu niangalie vizuri," akasema Madam. Nikasikia swichi ya taa ikilia tap. Ikalia tena.

"Kijana."

"Naam, mama."

"Hii taa ni mbovu?"

"Hapana, mama."

"Basi stima hakuna. Tokeni za mita zimeisha. Ulikuwa unapika na nini?"

Ndugu zangu. Koili! Asubuhi nzima yule jogoo alikuwa anakunywa stima yangu. Ilikuwa mchana, taa sikuhitaji, nitajua saa ngapi? Laptop ilikuwa nzima. Malipo ndiyo yaliyoizima!

"Nina pesa kidogo kwenye simu—" nikaanza, nikakumbuka simu iko mezani, upande wake.

"Wacha. Nisomee namba ya mita," akasema. Kidude cha tokeni kiko ukutani juu ya kitanda, nikamsomea. Mama mkwe wangu mtarajiwa akaninunulia stima. Nimemla jogoo, sasa ananilipia na moto wa kumpikia.

"Zimeingia. Namba zenyewe ni nyingi," akasema.

"Nipe simu, Madam, nimwingizie," Otieno akadakia. "Mimi tetekuwanga niliugua utotoni, hainishiki tena."

"Otieno, usije! Otieno!"

Otieno huwa anasaidia watu hata wasipotaka. Akavuta pazia. Pazia langu limefungwa kwa kamba na misumari miwili (nauza misumari, na bado nilitumia miwili). Yote ikang'oka.

Nikabaki hapo. Juu ya kitanda, kwenye kaptula, blanketi kichwani, sufuria mapajani. Hakuna kipele hata kimoja, ni mchuzi tu kidevuni.

Na wakati huohuo, simu yangu ikaanza kulia mezani. Picha ya Achieng imejaa kioo kizima, na jina lake chini: "Achieng Wangu".

Madam akaitazama simu. Akanitazama mimi. Akaitazama simu tena. Otieno, ambaye alijua nina mchumba Migori lakini hajawahi kumuona, akasema kwa furaha, "Shemeji anapiga!"

Madam akashika simu akapokea. "Nyathina, mwanangu," akasema taratibu, "mtu wako nimemuona. Nimemuona mzima mzima." Akaiweka chini, akageuka, akatoka nje, akasimama mlangoni akiwa ametupa mgongo.

Otieno aliingiza tokeni. Taa ikawaka, laptop ikawaka bila hata kupata moto, ripoti ikawa salama. Otieno akampelekea nje. Mimi nilikuwa bado nimekaa palepale.

"Kijana," akaita bila kugeuka.

"Naam, mama."

"Firigisi uliila?"

Ningedanganya. Lakini uongo wangu wa tetekuwanga mliuona ulivyoishia.

"Ndiyo, mama."

Mabega yake yakatikisika, sikujua ni hasira au ni nini. "Sawa," akasema. Wakaondoka.

Mmewahi kuambiwa "sawa" na mwalimu? Nimekaa na hiyo "sawa" tangu mchana, siwezi kula wala kulala. Achieng hakupokea simu. Nilishaanza kufikiria nitakavyowaeleza wazee wetu kwamba safari ya Kendu Bay imekufa kwa sababu ya koili.

Sasa hivi ndipo ujumbe wake umeingia. Naunakili kama ulivyo:

"Mama amecheka kutoka Homa Bay mpaka nyumbani. Anasema kompyuta inafanya kazi vizuri, na angalau hukumdanganya kuhusu firigisi. Mje tu, amekubali. Ila ng'ombe wameongezeka mmoja, wa jogoo. Na vaa suruali."

Kwa hivyo marafiki, leteni kompyuta zenu, narudi kutengeneza bure. Atakayeniletea kuku, kwanza anionyeshe picha ya binti wa mwenye kuku.