Ingurume Mara Moja Tu

Katika mji ule hakuna mtu aliyewahi kuanguka na pikipiki akakosa kupewa pole na Bwana Pole. Vumbi halijatulia, yeye kashafika, shati jeupe limepigwa pasi, mkono mmoja kifuani na sura ya msibani. Alikupa pole yako kwanza, ya moyoni kabisa, akauliza kama mifupa yote ipo. Halafu alizunguka chombo chako mara moja, akachuchumaa, akafumba jicho moja, akatazama kutoka nyuma kwenda mbele, akashusha pumzi.

"Chasisi imepinda," alisema, kwa sauti ya mtu aliyetumwa na familia.

Na chasisi ikishapinda, ndugu msomaji, kuna nini tena cha kutengeneza? Ulibaki kuuza kwa bei ya chuma chakavu, na Bwana Pole, kwa huruma tu, alijitolea kukutafutia mnunuzi. "Mimi sitaki chochote," alisema, tena alihakikisha anasema mbele ya watu, maana aliamini kwamba wema usio na mashahidi ni hasara. Mnunuzi alipatikana siku hiyo hiyo, akalipa kidogo na kulalamika sana. Baada ya wiki mbili pikipiki yako ilikupita barabarani, imepakwa rangi mpya, chasisi imenyooka kwa uwezo wa Mwenyezi Mungu.

Yeye mwenyewe alipanda pikipiki ya zamani, ya zile zilizoacha kutengenezwa kiwandani kabla hajaanza kunyoa ndevu. Haikuwa yake. Ilikuwa ya baba mkwe, aliyemwazima baada ya harusi ili aitumie kutafutia kazi. Miaka ikapita. Kazi haikupatikana, kwa sababu haikutafutwa, na sasa mzee alikuwa amechoka.

"Mwisho wa mwezi naifuata pikipiki yangu," alimwambia, bila kuinua macho kwenye drafti. "Nikiikuta imepungua hata boliti moja, narudi nayo nyumbani pamoja na binti yangu."

Bwana Pole alicheka, lakini usiku huo usingizi ulimpaa. Alimpenda mkewe. Tuliseme hilo wazi, maana ndilo jambo pekee maishani mwake alilolifanya bila kupiga hesabu ya faida.

Basi asubuhi moja yupo kwenye kituo cha mafuta, akasogelewa na mtu mnene mwenye kofia pana na miwani ya jua. Mtu yule akaizunguka pikipiki ya mkwe, akapapasa tangi, akasikitika.

"Tangi limebadilishwa hili. Ningeipata ya namna hii yenye tangi lake la kuzaliwa nalo, ningelipa bei ya pikipiki mbili mpya."

"Mbili?" Bwana Pole alijikuta ameshika usukani kwa nguvu.

"Mbili. Nafungua hoteli, nataka kuiweka mlangoni wageni wapigie picha. Lakini iwe inanguruma. Iliyokufa siitaki, naona mkosi."

Alimwachia namba ya simu akaondoka. Bwana Pole alisimama pale hadi waliokuwa nyuma yake wakaanza kumpigia honi, maana alikuwa amekumbuka jambo. Pikipiki nyingine ya aina ile ilikuwepo mjini, moja tu. Ilikuwa ya marehemu mume wa Mama Sare, yule fundi cherehani anayeshona sare za nusu ya shule za mji, na kulikuwa na fununu kwamba imegongwa. Akajilaumu kwa kuchelewa kutoa pole.

Alimkuta Mama Sare ametulia nyuma ya cherehani, mkono wa kushoto umefungwa plasta toka kiwiko hadi vidole. Chumba kilijaa vitambaa vya kaki na wazazi waliokuja kuulizia sare, kwa sababu shule zilikaribia kufunguliwa. Pikipiki iliegemezwa ukutani, nusu imefunikwa shuka. Uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu, ulikuwa umekunjika, gurudumu limekuwa yai, taa haipo, kabureta imepasuka. Lakini tangi! Tangi lilikuwa lile lile, na nembo yake ya kiwandani.

"Shikamoo mama. Pole sana. Pole tena. Nimesikia nikasema hapana, lazima nije."

"Marahaba, baba. Tumeshapoa."

"Nani aliigonga?"

"Ukuta," alijibu Mama Sare, akakata uzi kwa meno.

Bwana Pole akafanya ibada yake yote. Alichuchumaa, akafumba jicho, akashusha pumzi ndefu kuliko kawaida kwa heshima ya marehemu, akatangaza habari ya chasisi. Wazazi wakaguna kwa masikitiko.

"Ndiyo maana sijui nifanye nini," Mama Sare akasema. "Siku moja nasema nitengeneze, siku ya pili nasema niuze. Nikitaka kutengeneza, mafundi wananiambia vipuri vyake havipo tena duniani. Nikitaka kuuza, naona kama namuuza baba watoto."

"Mama, chuma ni chuma. Ikikaa hapo inakutia simanzi tu. Mimi sitaki chochote, hawa wote ni mashahidi wangu. Nitakutafutia mtu aichukue, akupe chochote."

"Hata bure naweza kumpa mtu," akasema mjane. "Pesa ya chuma kibovu nitaifanyia nini? Ila nina neno moja, mwanangu. Mume wangu aliondoka ghafla, hatukuagana. Hii nataka niagane nayo. Ingurume mara moja tu niisikie. Ikishanguruma, moyo wangu utajua la kufanya."

"Tuseme nikupe kitu kidogo leo, halafu niende nikaishughulikie huko kwangu..."

"Hapa hapa, mbele yangu. La sivyo nitakaa nayo mpaka tufe wote."

Machozi yalimlengalenga. Mzazi mmoja alimpa leso. Bwana Pole, ambaye alishawahi kuwaliza wengi lakini hakuzoea kuwatazama wakilia, akasema haraka haraka kwamba itanguruma, yeye anaibeba dhamana hiyo, na hataki chochote.

Alikwenda moja kwa moja kwa fundi wake, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi chini ya paa la mabati, mikono imekolea grisi hadi kwenye viwiko.

"Vipuri havipo," fundi akasema.

"Najua havipo madukani."

Fundi akageuka polepole akaitazama pikipiki ya mkwe, iliyoegeshwa mlangoni ikiwa na uma wake, gurudumu lake, taa yake na kabureta yake, vyote vizima. Akamtazama tena Bwana Pole.

"Na mzee?"

"Mzee anaitaka mwisho wa mwezi. Mimi navihitaji kwa siku moja. Tunafunga, inanguruma, mama analia, naichukua bure, namuuzia mwenye hoteli. Kwa pesa ile namnunulia mkwe pikipiki mpya, nyingine nampandisha mke wangu. Nani atakumbuka boliti?"

"Chasisi je? Si ulisema imepinda?"

"Wewe nawe!" akasema Bwana Pole kwa hasira ya kweli. "Chasisi haina hata mkwaruzo."

Ikafunguliwa pikipiki ya mkwe. Ilipomalizika ilibaki imelalia kisanduku cha soda, haina uso, na Bwana Pole akaitupia turubai ili isimtazame. Alitoka pale kwa miguu, akapiga mluzi njia nzima.

Siku ya kuagana ilipofika, ua wa Mama Sare ulijaa. Wazazi walikuwepo, majirani walikuwepo, na mabunda ya sare yaliyokwisha kushonwa yalipangwa kibarazani, yamefungwa kamba, kila bunda na jina la shule yake. Bwana Pole aliyaona lakini hakuyafikiria, ingawa yangestahili kufikiriwa. Fundi akakaza boliti ya mwisho. Akapiga kiki mara moja, kimya. Mara ya pili ikakohoa. Mara ya tatu ikanguruma, ngurumo nzito ya kizamani iliyotikisa vioo vya dirisha, na watu wakapiga makofi.

Mama Sare alisimama ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akanyoosha mkono wake mzima, akazima, akachomoa ufunguo.

"Moyo wangu umejua," akasema. "Siuzi."

"Mama?"

"Natengeneza. Yaani imeshatengenezwa, sasa niuze nini?" Akawageukia watu. "Jamani, mmemwona mtoto huyu? Kaleta vipuri visivyopatikana duniani, kamlipa fundi, na hataki chochote! Mmemsikia wenyewe siku ile."

"Tumemsikia!" wazazi wakaitikia, na mmoja akaanza kumwombea dua, ndefu, yenye kutaja uzao wake.

Bwana Pole alitabasamu huku jasho likimtiririka mgongoni. Angefanyaje? Akisema anataka vipuri vyake, ataulizwa kwa nini alivifunga kwenye chuma chakavu. Akieleza kwa nini, wamo humo uani angalau watatu waliowahi kuuza pikipiki kwa ushauri wake. Akajivuta pembeni, akampigia simu mwenye hoteli. Kama mtu yule atakuja na noti mkononi, alijipa moyo, mjane atabadili mawazo.

Simu ikaita. Iliita sikioni mwake, na iliita pia nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo, pale pale kibarazani.

Pazia likafunguka akatokea yule mnene, amevaa suruali yenye mguu mmoja, mwingine haujashonwa. "Haloo?" akasema kwenye simu, halafu akamwona anayempigia, akaikata kwa adabu.

"Huyu ni mdogo wangu," Mama Sare akamjulisha. "Hoteli hana. Kofia niliazima."

Aliwaacha watu waendelee na pongezi zao, akamvuta Bwana Pole ndani, akamkalisha kwenye kigoda cha wateja. Alimweleza bila kufoka. Aliyeugonga ukuta ni yeye mwenyewe, akimkwepa mbuzi, na sare za watu zikiwa mgongoni mwa pikipiki. Miaka yote husambaza kazi yake mwenyewe. Baada ya ajali alizunguka maduka yote hadi akaambiwa vipuri vile mjini vimebaki kwenye pikipiki moja tu, vingine mpaka viagizwe nje. Akaenda kumwomba mwenye pikipiki hiyo.

"Baba mkwe?" Sauti ya Bwana Pole ilikuwa imebaki nusu.

"Akasema pikipiki unayo wewe, na wewe ukiombwa hutoi. Ukionyeshwa faida unatoa hadi figo. Mkeo akasema tukuachie uongee sana, hutauliza maswali."

"Mke wangu?"

"Alisema nikilia utashindwa. Kumbe kweli."

Hapo ndipo Bwana Pole alipoumia. Kudanganywa na mjane alikuwa anaweza kukubali, tena alimheshimu kidogo kwa hilo. Lakini mkewe, ambaye yeye alimsimulia kila usiku jinsi anavyotafuta kazi, alikuwa akimsikiliza kwa utulivu, anajua kila kitu. Akainamisha uso kwenye viganja vyake, na kwa mara ya kwanza sura yake ya msibani ilikuwa na msiba.

"Ataondoka?" akauliza.

"Hilo linakutegemea wewe. Mimi nina mkono mmoja na mabunda yamejaa kibarazani. Vipuri nimeviagiza nje, vitachukua muda kufika. Vikifika, vya mzee vinarudi mahali pake. Mpaka hapo mtu wa kuendesha nahitaji, na nitamlipa kama ninavyowalipa washonaji wangu. Ukikataa, fundi wako yuko pale nje na spana. Avifungue, na wewe uwaeleze watu."

Bwana Pole akafikiri. Alitafuta mlango wa nyuma katika maneno yale, kama alivyozoea, hakuuona. Mlango pekee uliokuwepo ni ule wa chumba, na huo ukafunguliwa kutoka nje. Baba mkwe akaingia, nyuma yake mkewe, amejitanda khanga na macho yake yamevimba kidogo. Mke alichukua sindano na uzi mezani, akaketi upande wa pili wa chumba, akasubiri.

"Nitaendesha," akasema Bwana Pole, akimtazama yeye, si wale wengine.

"Kwanza utahitaji sare," akasema Mama Sare. "Dereva wangu haendi shuleni na shati la kuongopea. Simama. Nyoosha mikono."

Akasimama, mikono ikiwa juu pembeni, na utepe ukamzunguka kifuani, mabegani, kiunoni. Mkewe aliinuka akashika ncha ya pili ya utepe, akazitaja namba kwa sauti ndogo kila Mama Sare alipomwonyesha. Walipofika tumboni Mama Sare akasita, akauliza kama aache nafasi kidogo.

"Usiache," baba mkwe akasema kutoka mlangoni. "Akianza kula jasho lake atapungua."

Mkewe akacheka, akajaribu kujizuia, akashindwa. Bwana Pole aliendelea kusimama mikono juu, hakuishusha hata alipomaliza kupimwa.